Akiaga Mzee, Usimfungie Mlango

Leo ningependa tuzungumze kuhusu bwana mmoja mrefu, mpole, mwenye kofia kuukuu, ambaye aliwaimbia watu akiwa ameketi kwenye stuli kana kwamba yuko barazani kwake. Nikimtaja jina najua baba na mama mtatabasamu: Don Williams.

Nanyi wanafunzi, msifunue ukurasa upesi mkidhani haya ni ya wazee. Huenda jina hulijui, lakini nyimbo unazijua. Ulizisikia katika gari la baba mkienda mashambani mwezi Desemba. Ulizisikia kwenye basi la usiku, abiria wote wamesinzia na dereva amebaki peke yake na ile sauti nzito, ya chini, isiyo na haraka. Kama nyumba yenu ilikuwa ya kusikiliza redio, ulizisikia jioni katika idhaa ya Kiingereza ya KBC, chakula kikiwa jikoni.

Wako wanaoshangaa jinsi Mkenya, ambaye hajawahi kuchunga ng'ombe wa Texas, alivyoupenda muziki wa kantri. Mimi sishangai. Mapenzi hayo ni ya zamani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Bonde la Ufa na mitambo yake ya kurekodi, akakuta Wakipsigis wana wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa namna yao ya kulitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko, na mtu aliyeimba ndani ya sanduku akageuzwa kuwa kiumbe wa ajabu, nusu binadamu na nusu swala! Baadaye alikuja Jim Reeves, kisha Kenny Rogers, Dolly Parton na wenzao. Na leo nenda kwenye ukumbi wowote wa mugithi, utamkuta mpiga gitaa peke yake na kofia yake ya kauboi, akichanganya ya Gikuyu na ya Nashville, na wateja wakimjibu bila kukosea neno.

Hata hivyo, katika hao wote, Don Williams alikuwa na mahali pake. Alizaliwa Floydada, Texas, tarehe 27 Mei 1939. Mamake ndiye aliyemfunza gitaa. Katika miaka ya 1960 aliimba na kundi la Pozo-Seco Singers, na kundi lilipovunjika akaelekea Nashville kutunga nyimbo za kuuzia waimbaji wengine. Huko, chini ya Jack Clement, akaanza kurekodi kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1974 akashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za kantri za Marekani, na kabla ya kumaliza shughuli hiyo alikuwa ameishika mara 17. Mwaka 1978 chama cha muziki wa kantri, CMA, kilimtuza kuwa mwimbaji bora wa kiume. Marekani walimpa jina la jitu pole, kwa vile alikuwa na umbo kubwa na maneno machache.

Nawakumbusha wanafunzi jambo moja hapa. Si kila wimbo aliouimba alikuwa ameutunga. "Tulsa Time" ni wa Danny Flowers, mpiga gitaa katika bendi yake. "I Believe in You" ni wa Roger Cook na Sam Hogin. Lakini "Love Me Over Again" na "Lay Down Beside Me" ni zake mwenyewe, na mwanagitaa mashuhuri Eric Clapton aliupenda utunzi wake hata akarekodi wimbo wake uitwao "We're All the Way" mwaka 1977. Mtu anayejua kutunga na bado anakubali kuimba kazi ya mwenzake iliyo nzuri ni mtu asiye na kiburi. Tunao wangapi hivyo hapa kwetu?

Sasa njoo nikupeleke Harare. Mwaka 1997 Don Williams alikwenda Zimbabwe, na maonyesho yake ya huko yakarekodiwa na kutolewa kwa jina la "Into Africa". Mimi niliiona video yake sebuleni kwa rafiki yangu mmoja, tukiwa tumebanana kwenye makochi kama abiria wa matatu. Nilitarajia mbwembwe: taa za rangi, moshi, watu wa kucheza. Wapi! Mzee anatokea, kofia kichwani, gitaa mkononi, anaketi. Anaanza kuimba. Harukiruki. Hapigi kelele. Na ukumbi, umejaa Waafrika wenzetu waliovalia vizuri, unamwimbia yeye nyimbo zake mwenyewe. Kuna mahali ananyamaza kidogo tu, na watu wanauendeleza wimbo. Usoni mwake unaona mtu ambaye hakujua ana jamaa wengi namna hii ng'ambo ya bahari.

Nilijifunza kitu usiku ule. Onyesho la jukwaani halihitaji vurugu ndipo liitwe onyesho. Linahitaji ukweli kati ya anayeimba na anayesikiliza. Nyimbo zake zilihusu mambo ya nyumbani: mke ambaye ni rafiki, siku ambayo mtu anaomba iwe njema, penzi lililopoa na aliyebaki akikumbuka. Yeye mwenyewe alimwoa Joy mwaka 1960 na akaishi naye hadi mwisho. Ndiyo maana akiimba juu ya ndoa hukuona kichekesho, kama uonavyo kwa wengine tunaowajua.

Lakini kila mwenye kuanza safari hufika. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 67, Don Williams alitangaza ziara ya kuaga. Akazunguka, akaimba, na tarehe 21 Novemba mwaka huo akafanya onyesho la mwisho mjini Memphis. Kwisha. Alitaka kukaa nyumbani na watu wake. Wapenzi wake wakalia, wakakubali.

Msomaji wangu, hapa ndipo ninapolazimika kuingiza habari za nyumbani kwangu, ingawa si kawaida yangu. Nivumilie.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake na gitaa ndilo lililokuwa starehe yake. Alijifunza kulipiga akiwa chuo cha ualimu, na kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni alilitoa kwenye mfuko wake wa turubai, akalitega sikio, akakaza nyuzi, akatuimbia. Nyimbo zake za kwanza zilikuwa za Jim Reeves. Za pili na za tatu na za nne zilikuwa za Don Williams. Kiingereza changu cha kwanza sikukipata darasani, nilikipata pale kwenye mkeka. Alistaafu mwaka 1996 akiwa na miaka 55, maana huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu kabla serikali haijauongeza kuwa 60 mwaka 2009. Baada ya hapo alibaki na ng'ombe wawili, kahawa kidogo, na gitaa.

Desemba 2008 dada yangu, kitindamimba wetu, aliolewa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, na unajua vile mwenyekiti wa kamati ya harusi anavyokuwa: ana daftari, ana simu mbili, na anajiona waziri. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, baba aliniita kando. Akaniambia angependa kumwimbia bintiye wimbo mmoja tu, kabla ya keki kukatwa. Alikuwa ameshafanya mazoezi.

Nilimjibu hivi, na maneno hayo nayakumbuka jinsi yalivyotoka: "Baba, tumeshalipia di-jei. Tena kwa umri wako, watu watatucheka."

Aliniangalia kidogo. Akasema, "Haya, mwenyekiti." Akaenda kukama.

Harusi ilifana. Di-jei alipiga muziki hadi mabati yakatetemeka. Hakuna aliyetucheka. Baba alikuwa na miaka 67, umri uleule aliokuwa nao Don Williams akiaga Memphis, ila tofauti ni kwamba Don aliaga kwa hiari yake. Baba aliagishwa na mwanawe. Gitaa likawekwa juu ya kabati, na mimi niliporudi Nairobi sikujua kuwa limewekwa. Mama ndiye aliyeniambia miezi mingi baadaye, tena kwa njia ya mzunguko kama desturi ya akina mama: "Siku hizi Jumamosi huku ni kimya sana."

Sikufanya lolote. Nilijiambia mzee amechoka. Ni rahisi sana, msomaji, kusema mzee amechoka wakati wewe ndiwe uliyemchosha.

Turudi Marekani. Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea. La kwanza, Don Williams aliingizwa katika Jumba la Watukufu wa Muziki wa Kantri kule Nashville, heshima ambayo kwa kawaida humkuta mtu ameshatundika gitaa. La pili ni kwamba alilitundua gitaa. Akaanza tena kufanya maonyesho. Kisha Juni 2012, akiwa na miaka 73, akatoa albamu mpya iitwayo "And So It Goes", ya kwanza tangu mwaka 2004. Mtayarishaji alikuwa Garth Fundis, mwenzake wa tangu zamani. Vijana wa Nashville waliokua wakimsikiliza wakaja kumsaidia: Alison Krauss, Keith Urban, Vince Gill. Wimbo alioimba na Alison Krauss, "I Just Come Here for the Music", ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Najua kuna msomaji anayeguna. "Hao wasanii wetu wa ng'ambo ni waongo," anasema. "Wanaaga ili tiketi ziuzwe, kisha mwaka wa pili wanarudi kuaga tena." Kweli, wapo. Mimi mwenyewe nawajua, na si wa ng'ambo tu. Hata wanasiasa wetu wameaga mara ngapi? Lakini angalia tofauti. Mtu anayerudi kwa tamaa hurudi na nyimbo zilezile na bei mpya. Huyu alikaa kimya miaka, na aliporudi alirudi na kazi mpya mkononi. Miaka miwili baadaye, 2014, akaleta nyingine, "Reflections". Hakujipaka rangi nywele wala kujidai kijana. Aliketi palepale kwenye stuli yake.

Desemba 2012 mpwa wangu, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu, alifika nyumbani mashambani na ile albamu kwenye kidude cha kuhifadhia nyimbo. Hakuileta kwa hekima yoyote. Alikuwa tu ameona jina analolijua kutokana na babu yake. Akaichomeka kwenye redio baada ya chakula cha jioni. Mimi nilikuwa pale.

Baba alikuwa akisoma gazeti. Akalishusha. Akauliza, "Huyu si alikuwa ameaga?"

Mpwa wangu akamjibu, "Amerudi, Guka. Hizi ni mpya."

Mzee hakusema kitu tena hadi nyimbo zote zikaisha. Kisha akasema, "Sauti imezeeka. Lakini hakuna mahali anapoilazimisha." Hiyo ilikuwa tathmini ya mtu anayeijua kazi. Akamgeukia mjukuu wake akamwambia amletee kiti, apande juu ya kabati.

Gitaa lilishuka na vumbi la miaka minne. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na nyingine zimeshika kutu. Nilisema nitanunua nyuzi mpya mjini, na kesho yake nikaamka alfajiri nikazifuata kama mtu anayekimbiza dawa. Jioni ile, yeye akizivuta na kuzikaza moja moja, nilikusanya ujasiri nikaanza: "Baba, ile siku ya harusi, yale maneno niliyokwambia..."

Akanikatiza. "Mwenyekiti, hebu shika tochi. Sizioni nyuzi."

Nikaishika tochi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yangu, hukumu na msamaha. Alipoanza kupiga, vidole vilikuwa vizito na mara mbili alipotea njia. Akarudia. Dada yangu alikuwa amekuja na mumewe na mtoto wao wa kwanza, na wimbo ule wa kabla ya keki aliusikia akiwa amempakata mwanawe. Ulichelewa miaka minne. Nashukuru haukuchelewa zaidi.

Maana huchelewa, msomaji. Mwaka 2016 Don Williams alitangaza kustaafu mara ya pili baada ya upasuaji wa nyonga. Mwaka huohuo ikatolewa rekodi ya maonyesho yake ya Ireland, watu wakamsikia tena akiwa jukwaani. Tarehe 8 Septemba 2017 akafariki akiwa na miaka 78. Ukihesabu, ile safari yake ya pili ilidumu miaka sita hivi. Kama angeshikilia lile neno la Memphis, au kama wanawe wangemwambia watu watacheka, zile albamu mbili zisingekuwapo.

Sasa tuyaweke haya katika nyumba zetu. Katika ukoo wako kuna mtu aliyeacha kitu. Shangazi aliyekuwa akishona. Mjomba aliyekuwa fundi wa redio. Mama aliyeimba kwaya sauti ya tatu hadi alipoambiwa awapishe vijana. Huenda alichoka kweli, na mtu aliyechoka aachwe apumzike. Don Williams alipopumzika miaka ile hakuna aliyekuwa na haki ya kumvuta. Lakini huenda hakuchoka. Huenda kulikuwa na mwenyekiti wa kamati. Muulize. Usimuulize mbele ya watu ukitaka kusifiwa; muulize mkiwa wawili jikoni. Na akisema anataka kurudi, usimpe hotuba. Mtafutie nyuzi.

Nanyi wazee mnaosoma ukurasa huu, nina neno lenu pia. Anayerudi asirudi akidai kiti chake cha zamani. Katika ile albamu mzee wa Texas aliwapa vijana nafasi ya kuimba kando yake, nao wakamwinua. Baba yangu aliporudi kwenye gitaa hakutaka tena Jumamosi yote iwe yake. Alipiga nyimbo mbili, kisha akampa mjukuu. Yule mpwa sasa anajua chodi zote muhimu na ana kofia ya kauboi ambayo haimtoshi.

Wanafunzi, kazi yenu ya likizo ni hii. Chagueni wimbo mmoja wa Don Williams, muusikilize mara tatu bila kushika simu. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili hesabu maneno magumu. Utashangaa jinsi yalivyo machache. Mara ya tatu sikiliza mahali anaponyamaza. Ukimaliza, andika insha yako ya Kiingereza au ya Kiswahili kwa namna hiyohiyo, uone kama mwalimu hatakuongezea alama. Kisha chukua simu hiyohiyo, umrekodi babu au nyanya akiimba wimbo wowote anaoukumbuka. Usingoje arobaini ndipo uanze kuulizana na binamu nani ana sauti yake.

Baba yangu angali hai, amevuka miaka 80. Macho yamefifia na nyuzi anazipapasa tu. Juzi nilimpigia simu Jumamosi usiku, mama akaipokea, akaniambia ningoje kwa sababu mzee yuko katikati ya wimbo. Nikangoja. Dakika za simu zilikwenda, nami sikuzihesabu.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji wangu, wasalimie wa nyumbani. Na kama wewe ni mwenyekiti wa harusi yoyote mwaka huu, tafadhali acha dakika tano kabla ya keki.